Vijipicha vya Sura: Maswali Ninayoulizwa Kila Nikifungua Droo

Nakusanya picha ndogo za watu waliokufa zamani, karibu wote Wazungu, nami ni mtu wa Tanga niliyehamia Uingereza. Mgeni akija nyumbani, akaiona droo, maswali huwa yale yale. Nimeyaandika majibu hapa ili nikiulizwa tena niseme tu, kasome. Kwingine nimejibu kwa kirefu kwa sababu ndiko roho yangu iliko, kwingine nimepita upesi.

Hivi ni vitu gani hasa?

Ni picha ya uso wa mtu iliyochorwa kwa mkono, mara nyingi kwa rangi ya maji, ndogo kiasi cha kufumbatwa kiganjani. Vingi vina umbo la yai, urefu wa sentimita nne mpaka nane, vimefunikwa kioo na kutiwa kwenye fremu ya dhahabu au shaba. Watu walivivaa shingoni kama kidani, wakavifunga mkononi kama bangili, wakavificha mfukoni, au wakavibandika juu ya kijaluba cha ugoro. Kabla ya kamera, mume akienda vitani au binti akiposwa nchi ya mbali, uso ulisafiri kwa njia hii.

Na posa zenyewe ziliweza kuharibika. Mwaka 1539 Hans Holbein alitumwa kumchora Anne wa Cleves kwa ajili ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, aliyekuwa akitafuta mke wa nne. Mfalme aliridhika na alichoonyeshwa, lakini alipomwona bibi mwenyewe moyo ulikataa, na ndoa ikavunjwa baada ya miezi kama sita. Kijipicha cha Anne kipo hadi leo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, ndani ya kijikasha cha pembe kilichochongwa mfano wa waridi. Wapo wanaomlaumu Holbein. Mimi nimesimama mbele yake mara nyingi na ninaona mwanamke mtulivu, amevaa vizuri, basi. Kama kulikuwa na kosa, sidhani lilikuwa la brashi.

Kwa lugha zao huitwa miniature. Maana yake si udogo?

Sivyo. Neno limetokana na *minium*, jina la Kilatini la rangi nyekundu ya risasi iliyotumika kupamba vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Maana ya udogo ilikuja baadaye, kwa kufanana sauti tu.

Ni sawa na zile picha za Kiajemi na za Kihindi?

Ni mabinamu. Zile za Uajemi na India kwa kawaida ni kurasa za vitabu au za albamu: mfalme, farasi, bustani, kisa kizima. Hizi zangu ni uso mmoja unaobebwa mwilini. Lakini mabinamu hao walikutana. Sir Thomas Roe, balozi wa Uingereza katika baraza la Mfalme Jahangir wa India, alikuwa na kijipicha kutoka kwao. Mwaka 1616 Jahangir alijigamba kwamba wachoraji wake wanaweza kukinakili hata mwenyewe asikitambue. Jioni moja balozi akawekewa meza yenye kijipicha chake na nakala zake, kwa mwanga wa mshumaa, achague. Alikipata, ila kwa taabu, na akakiri hivyo katika shajara yake. Mfalme alifurahi kupita kiasi.

Alianza nani?

Sanaa hii ilizuka miaka ya 1520 katika kasri za Ufaransa na Uingereza karibu wakati mmoja: kule Jean Clouet, huku Lucas Horenbout, aliyetoka Ghent katika ukoo wa wapamba vitabu. Ndiyo maana vijipicha vya mwanzo vinafanana na herufi ya kwanza ya ukurasa iliyokatwa kwa mkasi: duara, nyuma bluu tupu, maandishi ya dhahabu pembeni.

Walichora juu ya nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa kuwa mtu akishatazama uso husahau kuuliza chini yake kuna nini.

Mwanzoni ilikuwa ngozi laini ya ndama, iliyosuguliwa mpaka ikawa kama hariri, kisha ikabandikwa juu ya karata. Ndiyo, karata ya kuchezea. Karata ilikuwa ngumu, nyembamba, na ilipatikana kila mahali. Ukigeuza vijipicha vya karne ya 16 unaweza kukuta nyuma ya mtukufu fulani kuna alama za kopa au kisu. 

Njia ya pili ni enameli: unga wa kioo wenye rangi uliochomwa tanuruni juu ya bamba la dhahabu au shaba, mara kadhaa, na kila mara kazi nzima inaweza kupasuka. Bingwa wake alikuwa Jean Petitot wa Geneva (1607–1691), aliyefanya kazi kwa Charles I wa Uingereza na Louis XIV wa Ufaransa. Enameli haififii. Ukitaka kujua mashavu ya mtu wa mwaka 1650 yalikuwa mekundu kiasi gani, tazama enameli.

Ya tatu ni pembe za ndovu. Aliyeonyesha njia ni mwanamke wa Venice, Rosalba Carriera (1673–1757), aliyeanza kwa kupamba vifuniko vya vijaluba vya ugoro karibu na mwaka 1700. Pembe ilipasuliwa kuwa ganda jembamba, ikaanikwa juani ipate weupe. Tatizo ni kwamba ina mafuta yake, na rangi ya maji huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo waliisugua kwa unga wa jiwe jepesi, wakaondoa mafuta kwa siki na kitunguu saumu, ndipo wakapaka rangi iliyochanganywa na gundi ya mgunga. Ilichukua miongo mingi kabla ya wachoraji kugundua kwamba raha ya pembe ni kuiacha ionekane. Waliacha kuifunika, wakapaka rangi nyepesi, na mwanga ukapenya mpaka kwenye pembe na kurudi, ngozi ya mtu ikang'aa kama ina damu ndani. Wengine waliweka karatasi ya fedha nyuma ya uso ili mwanga uzidi.

Kwa hiyo pembe hizo zilitoka kwetu?

Nyingine, ndiyo. London ilinunua pembe kutoka Afrika Magharibi pia, na kwa kukitazama kijipicha kimoja huwezi kusema ndovu wake alilala wapi. Lakini katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya pembe katika Afrika Mashariki. Zilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, miezi kwa miezi, na wengi wa waliozibeba au waliotekwa njiani hawakurudi kwao. Kutoka Unguja zilikwenda Bombay, London, na Marekani. Pembe za upande wetu zilisifiwa kuwa laini na nyeupe, si rahisi kupasuka, yaani sifa zile zile anazozitaka mtu wa brashi.

Hapa niingize kisa ambacho si cha kijipicha. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultanah, lilitia nanga New York likiwa na pembe na karafuu. Ahmad bin Naaman aliyekuja nalo kama mjumbe alichorwa huko na Edward Mooney, kwa rangi ya mafuta, picha kubwa, na iko Salem, Massachusetts. Basi pembe zilikwenda kuchorewa nyuso za watu wa kule, na mmoja aliyezisindikiza naye akauacha uso wake kule.

Mimi kila nikishika kijipicha cha pembe hufikiri vichwa viwili, cha aliyechorwa na cha mpagazi. Sijawahi kukiona cha pili kwenye katalogi yoyote ya mnada.

Wachoraji gani lazima niwajue?

Nicholas Hilliard (1547–1619) ndiye wa kwanza. Alizaliwa Exeter, mtoto wa sonara, na usonara haukumtoka mkononi. Akichora kidani cha rubi, alipaka fedha, akaing'arisha, kisha akadondosha tone la utomvu mwekundu juu yake, likasimama kama kito cha kweli. (Ile fedha sasa mara nyingi imeshakuwa nyeusi, kwa hiyo baadhi ya almasi zake zinaonekana kama mbegu za papai.) Aliandika mwongozo wa kazi yake akionya mchoraji avae hariri, maana haitoi vumbi, na aangalie mba za kichwani na mate anapozungumza visiangukie picha. Kijana wake aliyeegemea mti kati ya mawaridi, wa karibu mwaka 1587, yupo Victoria and Albert. Mwanafunzi wake Isaac Oliver, mtoto wa wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa, alileta vivuli ambavyo mwalimu hakuvipenda.

Samuel Cooper, aliyefariki mwaka 1672, kwangu mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Alimchora Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza, na chunjua zake, bila kumpamba. Mwandishi wa shajara Samuel Pepys alimpeleka mkewe achorwe mwaka 1668 na akalipa pauni 30, na zaidi ya pauni 8 kwa kioo na kasha la dhahabu. Alilalamika kidogo kuhusu mfanano, lakini alilipa.

Karne ya 18 ndiyo karne ya neema. Richard Cosway (1742–1821) alikuwa kipenzi cha mwana wa mfalme: macho makubwa, nywele kama moshi, mawingu ya bluu nyuma. George Engleheart (1750–1829) alikuwa fundi wa kila siku, na daftari lake la malipo linaonyesha picha 4,853 kati ya mwaka 1775 na 1813, yaani zaidi ya mbili kila wiki kwa karibu miaka arobaini. Kwa mkusanyaji mwenye mfuko mdogo, Engleheart ni jina linaloweza kufikika, kwa sababu zipo nyingi.

Na John Smart, aliyefariki mwaka 1811. Mikunjo ya kope, kitabasamu kisichotoka nje, ngozi iliyochorwa utadhani umeegemeza pua yako kwenye shavu la mtu. Alikwenda Madras mwaka 1785 akakaa miaka kumi akichora maafisa na watawala wa huko. Picha za kipindi hicho alizitia herufi za jina lake, mwaka, na herufi I kwa ajili ya India. Ukiona I hiyo, kaa kitako kwanza.

Ufaransa wana Jean-Baptiste Isabey na Augustin, na Msweden Peter Adolf Hall aliyefanya kazi Paris. Marekani wana Edward Greene Malbone, aliyekufa kijana mwaka 1807. Nawapita upesi kwa sababu siwezi kuwanunua.

Wanawake walikuwemo?

Sana, kuliko katika uchoraji mkubwa. Kazi ilifanyika mezani nyumbani, haikuhitaji jumba. Levina Teerlinc alitoka Flanders akachorea watawala wanne wa Uingereza mfululizo mpaka alipofariki mwaka 1576, akilipwa pauni 40 kwa mwaka. Rosalba nimeshamtaja. Sarah Goodridge wa Boston alijichora kifua chake kitupu mwaka 1828, kifua peke yake bila uso, akakipeleka kwa mwanasiasa Daniel Webster. Kiko katika makumbusho ya Metropolitan, New York, na nikimwonyesha shangazi yangu picha yake kwenye simu huwa anasema "astaghfirullah" kisha anaomba kuiona tena.

Ninayemheshimu zaidi ni Sarah Biffin (1784–1850), mzaliwa wa Somerset, aliyezaliwa bila mikono wala miguu kamili. Alianza kwa kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mitaani kama kioja, akichora kwa mdomo, mpaka bwana mmoja mkubwa, Earl wa Morton, alipomwondoa huko na kumlipia masomo. Alifungua biashara yake mwenyewe na kuandika jina lake bila haya. Mwaka 2019 picha aliyojichora ilikadiriwa pauni 800 hadi 1,200 mnadani London. Iliondoka kwa pauni 137,500.

Mbona kuna vyenye jicho moja tu?

Ni siri ya wapenzi. Mwana wa mfalme George, ambaye baadaye akawa George IV, alimpenda Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki ambaye sheria haikumruhusu kumwoa. Wakaoana kwa siri mwaka 1785, na wakapeana picha za jicho moja moja. Ukivaa jicho tu la mtu, nani atajua ni la nani? Mtindo ukaenea. Tahadhari: vya jicho vinaghushiwa kupindukia, mara nyingi kwa kukata uso wa kijipicha kilichoharibika.

Na nywele zilizosukwa nyuma?

Za aliyechorwa, au za marehemu. Zinasukwa kama ukili, au zinapangwa mfano wa shada la ngano na kufungwa kwa uzi wa dhahabu na lulu ndogo. Baadhi ya jamaa zangu hawataki hata kuzigusa. Wanasema nywele za mtu si za kuchezea. Sibishani nao.

Nitajuaje si bandia?

Geuza nyuma kwanza, uso baadaye. Mimi nilianza kinyume na nikalipia. Kijipicha changu cha kwanza, nilichonunua kwenye soko la vitu vya zamani, kilikuwa bibi mwenye kofia ya manyoya na saini ya mtu maarufu. Fremu ilikuwa ya vipande vya pembe vilivyopangiliwa, na nyuma kulibandikwa karatasi ya kitabu cha Kifaransa ili ionekane ya kale. Nilifurahi wiki nzima. Fremu zile zinatengenezwa kwa pembe za vibao vya piano, na picha hizo zilitolewa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kwa watalii. Sahihi kubwa iliyo wazi, mtu maarufu kama Napoleon au Marie Antoinette, fremu ya piano: vikikutana vitatu, nenda zako.

Halafu chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Kazi ya mkono ina vidoto na vistari visivyolingana, vinavyofuata mzunguko wa shavu. Ukiona madoa ya mviringo yaliyojipanga safu kwa safu, hiyo ni chapa. Ukiona uso laini kupita kiasi lakini nguo zimepakwa kwa pupa, huenda chini kuna fotografia iliyopigwa rangi. Pembe ina mistari myembamba isiyolingana ukiiinamisha kwenye mwanga; seluloidi mistari yake imelingana mno, na ukiisugua kwa kidole hutoa harufu ya kafuri.

Mwisho, nguo. Mwanamke wa mwaka 1780 hana mtindo wa nywele wa 1830. Hapa vitabu vya mavazi vitakusaidia kuliko vitabu vya sanaa.

Bei?

Mtu asiyejulikana aliyechorwa na mtu asiyejulikana, mamia machache ya pauni, au chini. Majina makubwa, maelfu mpaka makumi ya maelfu. Kumbuka kuongeza ada ya mnada juu ya bei ya nyundo, yaani ile anayoigongea dalali. Kijipicha kilichopasuka hushuka bei vibaya sana, na hapo ndipo mimi hununua.

Sheria ya pembe inasemaje?

Soma hapa taratibu, maana ndipo watu wanapoumia. Uingereza inapiga marufuku biashara ya pembe kwa sheria ya 2018 iliyoanza kutumika tarehe 6 Juni 2022. Vijipicha vya sura vimeachiwa mlango: kiwe kimetengenezwa kabla ya 1918, na uso wake usizidi sentimita za mraba 320. Lazima kisajiliwe serikalini kabla ya kuuzwa; ada ilipoanza ilikuwa pauni 20. Kumiliki, kurithi na kumpa mtu zawadi hakukatazwi. Umoja wa Ulaya unadai cheti tangu 2022. Marekani inataka uthibitisho wa umri wa zaidi ya miaka mia, na majimbo kama New York na California yana masharti makali zaidi. Kuvuka mpaka wowote ni kibali kingine.

Ama kuleta nyumbani, nakuomba usifanye. Tanzania ndiyo iliyosimama mwaka 1989 kupendekeza biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, na mwaka huo huo Kenya ikachoma tani 12 hadharani, kisha tani 105 mwaka 2016. Kwa sheria zetu, kukutwa na nyara bila kibali ni kesi nzito, na askari wa uwanja wa ndege hatajali kwamba huyo ni bwana wa mwaka 1790. Ukiishi Dar au Mombasa na umenogewa na sanaa hii, kusanya vilivyo juu ya ngozi, karatasi au enameli. Ni vizuri vile vile, na utalala usingizi.

Navitunzaje?

Gizani. Nyekundu ya mashavu ndiyo inayotoroka kwanza juani, na mtu hubaki kama mgonjwa wa malaria. Unyevu uwe wa kati na usiyumbe: pembe nyembamba ikikauka hujikunja na kupasuka, ikilowana huota kuvu. Usipake maji wala dawa yoyote. Ni rangi ya maji, itaondoka na uso. Ukiona vitone ndani ya kioo, kioo chenyewe ndicho kinachoharibika na kutoa chumvi, kimpelekee fundi wa makumbusho. Na usifungue fremu kwa kisu cha jikoni. Najua unataka kuona nyuma. Hata mimi nataka.

Mbona viliisha?

Fotografia ilitangazwa mwaka 1839, na ndani ya miaka ishirini wachoraji wengi walikuwa wanapaka rangi picha za kamera. Hata hivyo chama cha wachoraji wa vijipicha kiliundwa London miaka ya 1890 na kipo mpaka leo. Wanachama wengi huchora juu ya plastiki inayoiga pembe.

Je, unauza?

Nimeuza kimoja tu: bibi wa makamo, kilemba cheupe, nywele za kijivu zimesukwa nyuma. Nilihitaji nauli ya kwenda Tanga kuzika. Mwaka uliofuata aliyenunua aliniandikia kwamba alimpa fundi akifungue, na ndani, nyuma ya pembe, kulikuwa na kikaratasi chenye jina la bibi, mtaa wake, na umri wake siku aliyochorwa: 51. Nilikaa naye miaka sita nikimwita Mama Kilemba.